Shupavu Haiharibiki

Iko nchi moja, wala msiulize iko upande gani, maana ramani zake huchorwa upya kila baada ya uchaguzi. Viongozi wa nchi hiyo walichoka kuona wananchi wakipanda pikipiki za kigeni. Pikipiki hizo zilikuwa na dharau. Ukizipiga kiki, zinawaka. Ukizielekeza mlimani, zinapanda. Zilifanya hivyo mchana kweupe, mbele ya watoto, bila hata kuomba kibali.

Basi kikajengwa kiwanda cha taifa. Kikazinduliwa, kikazinduliwa tena kwa ajili ya wageni waliokosa pilau katika uzinduzi wa kwanza, na mwishowe, kwa kuwa hapakubaki kingine cha kuzindua, ikabidi pikipiki nayo itengenezwe. Ikapewa jina la Shupavu. Waziri wa Uaminifu wa Vyombo, Mheshimiwa Dokta Tarumbeta, alisimama mbele ya umati na kutamka maneno ambayo baadaye watoto wa shule waliyakariri kabla ya kusoma na kuandika.

"Ndugu wananchi," alisema, "Shupavu haiharibiki. Na hata ikiharibika, haijaharibika."

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Pikipiki za kigeni zikakusanywa na kuyeyushwa, chuma chake kikasimamisha sanamu kubwa ya Shupavu katika uwanja wa makao makuu. Sanamu hiyo haijawahi kumwangusha mtu, maana kazi yake ni kusimama. Wapo walioficha pikipiki zao kwenye maghala ya mahindi. Mbaruku Shekue, mwendesha bodaboda wa kijiji cha Chekereni, hakuficha. Aliiosha yake, akaipeleka mwenyewe, akamkabidhi askari ufunguo kwa mikono miwili. Ndivyo alivyokuwa. Jambo hakulihukumu mpaka aone, na akishaliona alipenda kuliona tena, asije akalionea.

"Utaikumbuka ile pikipiki," aliambiwa na Pazi, jirani yake na dereva mwenzake, ambaye ya kwake ilikuwa imefukuliwa chini ya magunia.

"Tuipe nafasi hii mpya, kaka. Hata mtoto hatembei siku anayozaliwa."

"Kweli. Lakini mtoto mchanga habebeshwi abiria."

*

Mwanzoni Shupavu ilizimika milimani tu. Chekereni iko bondeni, na kila njia inayotoka humo inapanda, lakini serikali haikuwa imeambiwa. Baadaye Shupavu ikapata uzoefu, ikawa inazimika popote.

Ilipozimika, Mbaruku hakulaani. Alitandika gunia kando ya barabara, akafungua plagi, akaisugua, akaifuta, akaitazama juani kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake. Alisafisha kabureta. Petroli aliichuja kwa kipande cha kanga ya mkewe. Kisha alipiga kiki mpaka jasho likamwingia machoni, huku abiria wake akishuka na kujinyoosha kwa adabu.

"Huenda ni mafuta," alisema.

Ikaja Shupavu ya Pili, yenye tangi jekundu na vioo vikubwa zaidi, ili dereva awaone vizuri wanaompita kwa miguu. Nayo ikazimika. "Huenda ni vumbi," alisema Mbaruku. Ikaja Shupavu ya Tatu, yenye honi ya sauti mbili. Ilipozimika hiyo, Mbaruku alikaa kwenye gunia lake na kuwaza kwa muda. "Huenda ni mimi," alisema.

Wakati huo neno kuharibika lilikuwa limekwisha kupigwa marufuku. Shupavu ilikuwa inapumzika. Marufuku nyingine ikafuata: kuisukuma Shupavu iliyopumzika ni kulidhalilisha taifa hadharani, na adhabu yake ni jela. Dereva alitakiwa kusimama kando ya chombo, kofia kwapani, mpaka chenyewe kitakapojisikia kuendelea. Wengine walisimama mpaka kandambili zao zikashika udongo.

Aliyewaokoa alikuwa Pazi, na alifanya hivyo kwa hofu, si kwa akili. Siku moja askari wa kizuizi cha barabarani alimkuta akiisukuma Shupavu yake kupanda mlima.

"Wewe! Unasukuma mali ya taifa?"

"Sisukumi, afande."

"Mikono yako iko wapi?"

Pazi akaiangalia mikono yake, akaona iko kwenye tandiko. "Namsindikiza mgeni, afande," alisema. "Amekuja kwetu, sasa anaondoka. Nimwache aende peke yake, watu watanionaje?"

Sasa, katika nchi ile, mtu anaweza kukuibia mbuzi ukamsamehe, lakini ukimwacha mgeni aondoke kwako bila kumsindikiza, hata mama yako atakuuliza umelelewa wapi. Askari yule alikuwa amelelewa na bibi yake. Alishindwa kukamata. Alipeleka taarifa juu, ikapanda mpaka wizarani, ikajadiliwa, na amri ikashuka: Shupavu inayopumzika yaruhusiwa kusindikizwa, mkono ukiwa juu ya tandiko kwa upole, na msindikizaji akiongea maneno ya kuaga. Asiyeongea atahesabiwa anasukuma.

Ndiyo maana, ungepita katika nchi ile, ungeona wanaume wazima wamejiinamia nyuma ya pikipiki, mishipa ya shingo imewatoka, wakihema na kusema, "Haya, karibu tena. Usitusahau. Wasalimie wote."

*

Sikudhani, mke wa Mbaruku, alipata uchungu wa mtoto wao wa kwanza asubuhi, akipepeta mchele. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima Kongoti. Gari la wagonjwa lilikuwepo zamani, lakini lilibadilishwa kwa Shupavu yenye msalaba mwekundu, ambayo ilikuwa inapumzika tangu siku ya kukabidhiwa. Kumbeba mgonjwa kwa machela kulikuwa kosa, kwa kuwa kulionyesha picha mbaya.

Mbaruku alikuwa ameisafisha plagi tangu jana yake. Alimpandisha mkewe, akapiga kiki, ikawaka, na kwa furaha akamwambia, "Unaona?"

Ikazimika katikati ya mlima.

Akashuka, akaanza kuisindikiza, Sikudhani akiwa amelalia tangi na pindo la kanga likiwa mdomoni. Kwenye kona ya juu askari wa kizuizi akawasimamisha.

"Mbona kimya? Mnasindikiza au mnasukuma?"

"Tunasindikiza, afande. Mke wangu ana uchungu."

"Pole sana, mama. Ila sijasikia kuaga."

Basi Mbaruku akaaga. Mlima mzima uliobaki, mkewe akigumia chini ya mikono yake, alikuwa akiiambia pikipiki, "Karibu tena. Asante kwa kututembelea. Usikae sana bila kuja."

Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Muuguzi, Bi Kidawa, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, alimfunika kitambaa, kisha akamvuta Mbaruku pembeni.

"Njia yake ni nyembamba," alisema. "Akipata mwingine lazima apasuliwe hapa hapa, mapema. Mkichelewa tena, mwanangu, nitawazika wote wawili. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Serikali, ambayo husikia kila kitu, ilituma ujumbe wa rambirambi. Zikaletwa hema, viti na kipaza sauti. Mjumbe alisoma kwa huzuni iliyopangwa vizuri: "Uchunguzi umebaini kwamba Shupavu ilikuwa katika mwendo wake wa kawaida. Mtoto ndiye aliyekuwa na haraka isiyo ya kizalendo."

Mbele alikuwepo mtu maalumu wa kuinua mkono, na mkono ulipoinuka watu walipiga makofi. Mbaruku naye, kwa mazoea, viganja vyake vilikutana kabla hajavizuia. Aliinua macho, akaona Sikudhani anavitazama.

Tangu siku hiyo Sikudhani hakupanda Shupavu. Kisimani, sokoni, kanisani kwa shoga yake, msikitini kwenye maulidi, alikwenda kwa miguu. Mbaruku alimfuata nyuma akiendesha polepole, na mara nyingi hakuwa na haja ya kupunguza mwendo.

*

Malalamiko yakazidi. Nchi nyingine ingeita pikipiki kiwandani izichunguze. Lakini Dokta Tarumbeta hakuwa mtu wa mambo madogo. Aliunda jopo la wataalamu, nao wakafanya kazi kwa bidii katika hoteli ya ufukweni, wakagundua kwamba injini ya Shupavu imetengenezwa kwa chuma, na chuma hakina hila. Tairi ni mpira, na mpira hauna siasa. Kilichobaki juu ya pikipiki, kikikaguliwa sawasawa, ni dereva.

Redio ikatangaza: kutokana na hitilafu zilizojitokeza, madereva wote wa matoleo ya awali wanarejeshwa kiwandani kwa matengenezo. Pikipiki zao zitawasubiri.

Wakati huo Sikudhani alikuwa mjamzito tena, na tumbo lilikuwa limeanza kutangulia mlangoni.

"Watakurudisha lini?" aliuliza.

"Nikitengemaa."

"Na kama huna ubovu?"

Mbaruku alifikiri. Jambo hili alikuwa amelifikiria zaidi kuliko alivyosema. "Heri niwe nao, Siku," alisema. "Ubovu ukiwa kwangu, utatengenezeka. Nitakupandisha tukafika. Ukiwa kwenye chuma, mimi nitafanya nini?"

*

Kiwandani madereva walilazwa kwenye meza ndefu, mikono kando. Pikipiki zao ziliegeshwa kivulini, kwenye mabenchi ya ndugu wanaosubiri. Afisa Mrekebishaji wa Madereva, Bwana Chogo, alipita akiwagonga magoti kwa spana na kutega sikio.

"Asubuhi, kabla hujapiga kiki," alimuuliza Mbaruku, "unawaza nini?"

"Nawaza kama itawaka."

Bwana Chogo akawageukia wanafunzi wake. "Mmesikia mlio huo? Hapo ndipo inapozimikia." Akamgeukia Mbaruku kwa huruma. "Umeitesa sana hiyo pikipiki, ndugu yangu."

"Nisamehe."

"Iombe yenyewe."

Mbaruku akaenda, akaiomba.

Matibabu yalikuwa hivi. Dereva alipandishwa kwenye Shupavu iliyofungwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma likizunguka hewani. Mbele yake ilitundikwa picha kubwa ya mlima. Aliiwasha, akautazama mlima, na akitambua moyoni kuwa ameupanda, alisema, "Tumefika." Aliyeuliza tumefika wapi alirudishwa mezani. Palikuwa na dereva mmoja mwenye mzaha kutoka pwani aliyejibu, "Tumefika, teremkeni, msisahau mizigo," naye akapewa cheti siku hiyo hiyo.

Mbaruku hakutaka mzaha. Alitaka kupona. Usiku hakulala vizuri, mchana alijichunguza, kila wazo la shaka lililochomoza alilishika na kulitoa kama anavyotoa mchanga kwenye kabureta. Aliukumbuka mlima Kongoti, mawe yake, kona yake. Alimweka Sikudhani nyuma yake, mzima, akicheka. Ikafika asubuhi moja akapanda kwenye stendi, akapiga kiki, akautazama mlima wa kuchorwa, na moyoni mwake hapakuwa na hata chembe. Aliamini. Aliamini mpaka machozi yakamlenga.

Shupavu ikakohoa, ikazimika.

Pale pale, juu ya stendi, haina mzigo, haina mlima, haina vumbi, petroli imechujwa na wataalamu. Gurudumu likazunguka kidogo kwa aibu, likasimama.

Mbaruku alikaa juu yake kwa muda mrefu. Hakutandika gunia. Hakufungua plagi.

"Sema," alihimiza Bwana Chogo, akiwa ameshika muhuri.

"Tumefika," alisema Mbaruku.

"Amepona huyu! Mtazameni, mlikuwa mnamwona sura hii alipokuja?"

Akapewa cheti cha uzima na Shupavu ya Nne, mpya, yenye taa nzuri sana.

*

Alifika Chekereni akiisindikiza. Sikudhani alikuwa amekaa kibarazani, miguu imevimba, anachambua mboga.

"Wamekutengeneza?"

"Wamenitengeneza."

"Na yenyewe?"

Mbaruku aliegemeza pikipiki ukutani, akaketi chini kwenye ngazi.

"Mbaruku," alisema mkewe, na sauti yake haikuwa na ugomvi, "unaiamini?"

Pazi, aliyekuwa amekuja kumpokea, alianza kutazama kuku. Mbaruku aliitazama pikipiki, mtu angedhani atasingizia tena vumbi au mafuta.

"Siiamini," alisema. "Nilijaribu, Siku. Nilijaribu kwelikweli. Si mafuta. Si mimi. Ni mbovu."

"Haya, karibu," alisema Sikudhani. "Mimi nilifika huko zamani, siku ile ulipokuwa unaiaga."

Mbaruku akainamisha kichwa. Baadaye alisema, "Sitakupandisha juu ya injini hii. Lakini kwa miguu huwezi, na machela ni jela. Bi Kidawa alisema mapema."

"Shemeji hapandi injini," alisema Pazi, bado akiwatazama kuku. "Shemeji anakaa kwenye tandiko. Injini ni shauri lake. Amri inasema Shupavu ipumzikayo isindikizwe. Je, inasema na watu wangapi?"

Wakatazamana. Amri haikusema.

*

Uchungu ulipoanza kunong'ona, asubuhi, Mbaruku aliutundika ufunguo wa pikipiki kwenye msumari ndani ya nyumba na kufunga mlango. Wakatandika godoro juu ya tandiko, wakamkalisha Sikudhani kiupande, shoga yake akamshika kiuno. Kisha Chekereni nzima ikatoka kusindikiza. Wanaume walishika tandiko, vijana walishika kamba zilizofungwa mbele, ambazo Pazi alizieleza kuwa ni kamba za heshima, na wanawake walijaza pengo lolote lililoonekana.

Nao waliaga. Waliupanda Kongoti kwa makelele kama ya harusi.

"Karibu tena, mgeni! Ulikula sana, lakini karibu!"

"Ulikuja na begi tupu, ukaondoka na mgongo wangu!"

"Msalimie aliyekutuma! Mwambie tunamtafuta!"

"Pazi, sindikiza, usiegemee!"

"Naongea, jamani! Kuongea nako ni kazi!"

Sikudhani, katikati ya maumivu, alicheka mara moja, halafu akaomba wasimchekeshe. Mbaruku alikuwa nyuma kabisa, mabega yake kwenye chuma. Yeye hakuaga. Alikuwa anasukuma, na hakuita kitendo hicho jina jingine.

Kwenye kizuizi, askari alipoona umati ule na kusikia kuaga kule, alijua hajawahi kuona Shupavu ikiheshimiwa kiasi hicho. Akapiga saluti mpaka walipopita.

Bi Kidawa aliwakuta mlangoni. Akamtazama Sikudhani, akatazama jua lilipo, akasema, "Leo mmekuja mapema," akamwingiza ndani. Umati ukakaa kwenye nyasi, ukanyamaza. Mbaruku alisimama karibu na dirisha. Alipomsikia mtoto analia, alishika ukuta kwa mikono yote miwili, na kwa muda hakujua kama aliyesikika ni huyu mmoja, au na yule wa kwanza ambaye hakulia.

*

Habari zilifika wizarani kabla kidonda cha Sikudhani hakijakauka. Shupavu ya Nne imepanda Kongoti na mama mjamzito bila kupumzika hata mara moja! Dokta Tarumbeta alikuja mwenyewe na wapiga picha, akamkuta Mbaruku kando ya kitanda.

"Huyu ndiye dereva aliyetengenezwa," alisema. "Mmemwona? Waeleze wananchi, kijana. Ilizimika?"

"Haikuzimika, mheshimiwa."

"Ilifika?"

"Ilifika. Lakini hatukuiwasha."

Wapiga picha wakashusha kamera. Sikudhani, kitandani, alimshika mumewe kidole kimoja.

"Hamkuiwasha," alirudia waziri taratibu.

"Hatukuiwasha kabisa. Tuliisukuma. Nilimpoteza mwanangu wa kwanza kwa kuiwasha, mheshimiwa. Injini yake ni mbovu. Siiamini."

Mbaruku alingoja pingu. Alikuwa amelipima jambo hilo usiku na mchana, na alikuwa tayari. Lakini uso wa Dokta Tarumbeta ulianza kung'aa polepole, kama wa mtu aliyekumbuka alipoweka miwani yake.

"Miaka yote hii," aliwaambia wataalamu wake, "mmekuwa mkihangaika na madereva, kumbe tatizo ni injini!" Akamkumbatia Mbaruku. "Nchi inahitaji watu wakweli kama wewe."

Baada ya muda si mrefu ikazinduliwa Shupavu ya Tano. Ilikuwa na tangi zuri, vioo, honi, taa za mbele na za nyuma. Injini haikuwa nayo. Na tuwe waadilifu: mpaka leo haijaharibika hata moja. Kila mwananchi anayesafiri sharti awe nayo, mkono juu ya tandiko, na barabara zote za nchi ile zimejaa watu wanaotembea wakiongea kwa sauti ya ukarimu. Malalamiko yamekwisha. Ya kwanza kabisa alipewa Mbaruku, kwa mchango wake, na alipoambiwa aseme neno mbele ya umati, alimwangalia mtoto mgongoni mwa Sikudhani, akawaangalia askari waliosimama nyuma yao, akasema asante.

Njiani kurudi, Pazi alikuja kumsaidia kuisukuma.

"Haya, kaka. Unaionaje?"

"Nyepesi," alisema Mbaruku.

"Na unaiamini?"

"Naiamini. Ni ya kwanza ambayo haijaniahidi kitu."

Pazi alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Mbele yao mlima ulikuwa umeanza. Sikudhani alimkaza mtoto mgongoni, akawapita wote wawili na ile pikipiki, akatangulia kupanda.